Chini ya Harufu ya Vanila: Kulitambua Jani Lenyewe Katika Tumbaku ya Kiko

Mtu apitaye karibu na mvutaji wa kiko mara nyingi hupunguza mwendo ili anuse vizuri. Harufu inayomfikia ni ya vanila, au ya cheri, au ya asali iliyoungua kidogo, naye husema moyoni kwamba tumbaku ile bila shaka ni tamu. Lakini amwulizapo mvutaji mwenyewe, akiwa mtu mkweli, hujibiwa kwamba mdomoni hamna vanila yo yote. Mna joto, mna utamu hafifu usioeleweka, na chini yake mna kitu kingine ambacho mvutaji huyo, pengine baada ya miaka ishirini ya kuvuta, hajapata kukipa jina.

Kitu hicho kisicho na jina ndicho tumbaku. Vingine vyote vimetiwa kiwandani.

Tumbaku za kiko zilizotiwa harufu, ambazo yafaa kuziita tumbaku za kunukia, ndizo zipendwazo na wengi huko Marekani na katika sehemu kubwa ya Ulaya, na ndizo zifikazo kwa urahisi katika maduka ya miji ya Afrika. Juu ya kopo huchorwa jahazi, nahodha mwenye ndevu au kikapu cha matunda. Jina la tunda huandikwa kwa herufi kubwa. Jina la jani huandikwa kwa herufi ndogo, kama limeandikwa. Na jani lenyewe huweza kuwa limetoka upande huu wa dunia: kwa wakulima wa Malawi, au wa Tabora na Urambo katika Tanzania, au wa West Nile na Bunyoro katika Uganda. Limevuka bahari likiwa na daraja lake alilolipa mteuzi mnadani, na likirudi limevaa nguo ya cheri, hakuna awezaye kulijua.

Kulijua kuna faida. Anayenunua kopo kwa bei kubwa ana haki ya kufahamu kama amenunua jani bora au harufu iliyofunika jani duni. Anayevuta anapaswa kufahamu nguvu ya kile anachokivuta, kwa sababu harufu tamu haimwambii neno kuhusu nikotini iliyomo. Na jamaa wanaokaa naye chumbani wanapaswa kufahamu kwamba kilicho hewani si keki inayookwa.

BANI NDILO JIKO LA LADHA

Ladha ya tumbaku haitoki shambani peke yake. Mmea wote ni wa jamii moja, *Nicotiana tabacum*, na ingawa mbegu na udongo vina kazi yao, tofauti kubwa huzaliwa wakati wa kukausha.

Tumbaku ya Virginia ndiyo ile ambayo mkulima wa Tabora huiita tumbaku ya mvuke. Majani hutundikwa ndani ya bani lililozibwa, moto huwashwa nje, na joto hupitishwa ndani kwa mabomba bila moshi kuligusa jani. Kwa muda wa wiki moja hivi joto hupandishwa hatua kwa hatua, kutoka nyuzi kati ya 30 na 40 za Selisiasi hadi kupita 70. Joto hilo huliua jani upesi, kabla halijaimaliza sukari yake, na kwa hiyo Virginia huweza kubaki na sukari ifikayo sehemu 20 katika kila 100 za uzito wake. Jani la manjano hunukia nyasi kavu zilizopigwa na jua, na wakati mwingine ganda la limau. Jani jekundu, hasa likihifadhiwa miaka kadhaa, hukaribia harufu ya mkate uliotoka tanuri na ya zabibu kavu.

Husimuliwa kwamba siri ya jani hilo la manjano iligunduliwa mwaka 1839 katika Caswell County, North Carolina, na mtumwa aitwaye Stephen, aliyetumikishwa katika shamba la Abisha Slade. Alikuwa zamu ya usiku akilinda moto wa bani, usingizi ukamchukua, na moto ukakaribia kuzimika. Alipozinduka alikimbilia makaa ya mhunzi, akayatupa motoni, na joto kali lisilo na moshi likayageuza majani kuwa manjano ya dhahabu. Utajiri uliofuata haukuwa wake.

Burley hukaushwa kwa namna iliyo kinyume kabisa. Hutundikwa katika banda lenye upepo, bila moto, kwa majuma manne hadi manane. Jani halifi haraka. Huendelea kupumua na kujila lenyewe, hata sukari yake karibu yote ikaisha. Matokeo yake ni jani la rangi ya kahawia, jepesi, kavu, lenye harufu ya karanga zilizokaangwa, ya kakao isiyotiwa sukari, na ya ubao mkavu. Aina nyeupe ya mmea huo, iliyo mama wa Burley ya leo, ilionekana mwaka 1864 katika Brown County, Ohio, miche ilipoota ikiwa imepauka kana kwamba ni migonjwa. Leo Burley ndiyo iliyoifanya Malawi ijulikane katika masoko ya tumbaku duniani.

Kwa viwanda vya tumbaku za kunukia Burley ina sifa moja inayopita zote: hunyonya. Ni kama mkate mkavu uliochovywa katika chai. Rojo lo lote utakalolitia litaingia hadi ndani na kukaa humo. Ndiyo sababu mnusaji mzoefu, anapofungua kopo lenye utamu wa kupita kiasi, hushuku kwanza kwamba kiini chake ni jani ambalo halikuwa na utamu wake lenyewe.

KAVENDISHI SI MMEA

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mvutaji huona katika mchanganyiko wake nyuzi nyeusi zinazong'aa, husoma kwenye kopo neno Kavendishi, naye hudhani kwamba kuna shamba mahali fulani linalolimwa Kavendishi. Shamba hilo halipo. Kavendishi ni namna ya kupika. Jani, ama Virginia ama Burley, hulowekwa katika rojo tamu, hupigwa mvuke, hushinikizwa, na kuachwa lipate joto mpaka ukali wake upungue. Likipikwa sana huwa jeusi. Hadithi ya wafanyabiashara humtaja Thomas Cavendish, baharia Mwingereza wa karne ya 16, lakini hadithi za wafanyabiashara zina kazi ya kuuza kwanza na ya kufundisha baadaye.

Basi mtu akiulizwa ni jani gani lililomo katika kopo, akajibu Kavendishi, ni kana kwamba ameulizwa ni nyama gani iliyo sufuriani naye akajibu mchuzi. Swali bado lipo: Kavendishi ya jani gani? Viwanda vingi vya Marekani huipika kutokana na Burley, na vingi vya Ulaya hutumia Virginia. Tofauti yake si rahisi kuipata, maana upikaji umefuta mengi. Hata hivyo hubaki dalili. Kavendishi ya Virginia huacha ulimini utamu mwembamba unaofanana na wa sukari guru, ilhali ile ya Burley, manukato yakishatoka, huwa tupu na laini, karibu haina neno, kisha mwishoni huja kitu kama maganda ya karanga.

Majani mengine hutumiwa kwa kiasi kidogo tu katika tumbaku za kunukia. Tumbaku za Mashariki, zitokazo Uturuki, Ugiriki na nchi za Balkani, zina majani madogo yaliyokaushwa juani, na harufu yake ina uchachu mwepesi pamoja na kitu cha ubani. Latakia, iliyopewa jina la mji wa Syria na siku hizi inayojulikana zaidi kwa ile ya Kupro, hufukizwa kwa moshi wa miti na vichaka; chembe zake chache zatosha kulijaza kopo harufu ya kambi iliyozimwa moto usiku. Perique hutoka St. James Parish katika Louisiana, ambako jani hushinikizwa ndani ya mapipa kwa muda wa mwaka mzima hivi, nayo huwasha puani kama pilipili manga. Iko pia tumbaku ya moshi, iliyofukizwa kwa kuni bandani. Mtu wa Songea hahitaji kufundishwa harufu yake: ni ya nyama iliyokaushwa juu ya meko.

NGUO MBILI ZA JANI

Kabla ya kulitafuta jani yafaa kujua jinsi lilivyofunikwa, kwa kuwa limevishwa mara mbili.

Nguo ya kwanza ni rojo. Hili hutiwa mapema, jani likiwa bado zima au limekatwa vipande vikubwa: sukari, asali, molasi, kakao, maji ya matunda, au utomvu mtamu wa mzizi wa likorisi. Kisha jani hukaushwa tena kwa joto, na rojo likawa sehemu ya mwili wake. Karibu kila tumbaku ya kiko ina rojo kidogo, hata ile inayosemekana haikutiwa kitu. Nguo ya pili ni manukato ya juu, ambayo hunyunyizwa mwishoni, aghalabu yakiwa yamechanganywa na spiriti: vanila, cheri, ramu, wiski, na kadhalika. Haya ndiyo yanayomsimamisha mpita njia. Ndiyo pia yanayoondoka upesi, kwa kuwa spiriti huruka na manukato mengi hayavumilii moto.

Pamoja na hayo huongezwa mara kwa mara kimiminiko kiitwacho propilini glaikoli, ambacho huzuia tumbaku isikauke. Kuna tumbaku ambazo mtu akiziacha wazi juu ya meza usiku kucha atazikuta asubuhi zina unyevu ule ule. Tumbaku ya namna hiyo huwaka kwa shida, hutoa mvuke mwingi, na kuunguza ulimi. Mvutaji hudhani ameumwa na jani, kumbe ameunguzwa na maji ya moto.

KULITAFUTA JANI

Jambo la kwanza ni macho, tena mchana, juu ya karatasi nyeupe. Konzi moja ikitandazwa, nyuzi za manjano na za rangi ya chungwa ni Virginia. Za kahawia, kuanzia rangi ya mchanga hadi ya chokoleti, mara nyingi ni Burley. Nyeusi zinazong'aa ni Kavendishi. Nyeusi zisizong'aa, zenye harufu ya moshi, huweza kuwa Latakia. Macho hudanganyika, kwa sababu mvuke na rojo hutia weusi jani lo lote. Lakini rangi ya manjano haidanganyi: hakuna upishi unaoigeuza Burley ikawa ya dhahabu.

Baada ya macho ni subira, na wengi hushindwa hapa. Konzi ile iachwe juu ya karatasi mahali pakavu tangu jioni hadi asubuhi, mbali na jiko na mbali na sabuni. Harufu ya asubuhi si ya jioni. Kilichopungua kilikuwa manukato. Kilichobaki ni rojo na jani. Yafaa kunusa kwa muda mfupi, kisha kupumzisha pua, maana pua huchoka upesi kuliko jicho.

Kisha huja moto, na hapa watu wa pwani wana elimu ambayo wavutaji wengi wa Ulaya hawana. Mama wa Kiswahili aliyekulia katika nyumba yenye chetezo huweza kutambua udi na ubani vikiwa vimechanganywa katika kaa moja, na huweza kusema ni udi wa namna gani. Njia hiyo hiyo yafaa kwa tumbaku. Nyuzi za rangi moja huchaguliwa kwa ncha za vidole, zikawekwa juu ya kaa dogo lililokwisha kutulia, nje ya nyumba. Moshi wa kwanza ni sukari na vanila. Baada ya dakika moja hubadilika. Virginia hutoa moshi mtamu wa nyasi na mkate. Burley hutoa moshi mkavu wa karanga na karatasi iliyoungua. Kwa njia hii mtu asiyevuta kabisa huweza kumwambia mvutaji kilicho katika kopo lake, na pengine kumwambia kwa usahihi zaidi, kwa kuwa pua yake haijakaushwa na moshi wa miaka mingi.

Katika kiko chenyewe, theluthi ya kwanza haina maana kwa anayetafuta jani. Manukato bado yamo. Ni katikati ya bakuli, wakati ambapo mvutaji wa kawaida hulalamika kwamba ladha imekwisha, ndipo jani linapoanza kusema. Avutaye taratibu hulisikia. Avutaye kwa pupa huunguza vyote pamoja. Ulimi nao una uwezo mdogo: hujua tamu, chachu, chumvi, chungu, na ladha ya mchuzi wa nyama. Mengine yote huamuliwa na pua, ndiyo maana mvutaji mwenye mafua hawezi kutofautisha kopo la bei kubwa na majani ya mgomba.

Na hakuna kitu kisaidiacho kama kulinganisha. Mtu aliyewahi kunusa Virginia tupu na Burley tupu, bila rojo kubwa, ana mizani kichwani. Wazee wa milima ya Rwanda na Burundi, waliozoea kujaza viko vyao jani lililokaushwa nyumbani bila sukari wala vanila, hawakuhitaji mizani hiyo. Walijua jani kama mtu ajuavyo ndizi za shamba lake. Anayeanzia kwenye tumbaku ya cheri ameanzia mwisho, naye hana budi kurudi nyuma.

UTAMU NA NGUVU NI MAMBO MAWILI

Moshi wa Virginia una tabia ya asidi. Moshi wa Burley umeelekea upande wa alkali, na nikotini iliyo katika moshi wa namna hiyo hupenya kwa urahisi zaidi ngozi laini ya ndani ya mdomo, hata kama moshi haukumezwa. Kwa hiyo askari anayejaza kiko mara nne kwa siku akijisemea kwamba ni kitu chepesi chenye vanila, wala haingizi moshi mapafuni, anaweza kuwa anapokea nikotini nyingi bila kupata onyo lo lote kutoka katika ladha. Dalili huja baadaye: kwikwi, jasho baridi, kizunguzungu na kichefuchefu. Nikotini hiyo hiyo ndiyo inayomfunga asiweze kuacha. Na madaktari hawabishani tena juu ya neno hili, kwamba kiko huleta saratani ya midomo, ya kinywa, ya koo na ya mapafu. Manukato hayapunguzi hata chembe ya hatari hiyo. Hupunguza tu hofu.

Serikali nyingi zimeliona jambo hili, ila kwa nusu. Marekani ilipiga marufuku ladha za matunda na peremende katika sigara mwaka 2009, na Umoja wa Ulaya ukafuata kuanzia 2016. Tumbaku ya kiko iliachwa nje katika sheria zote mbili. Katika Afrika Mashariki macho yalielekezwa kwenye shisha, ambayo ni ndugu wa karibu wa tumbaku ya kunukia, tena iliyozama katika asali. Uganda iliikataza kwa sheria yake ya 2015, Tanzania ikatoa katazo lake mwaka 2016, na Rwanda na Kenya zikatoa makatazo yao katika mwaka 2017. Kisa kilikuwa kile kile: vijana walioukataa moshi wa sigara waliukubali moshi wa tofaa.

Katika nyumba za kambini, ambako chumba kimoja huweza kuwa cha kulala, cha kusomea na cha kulia, moshi wa vanila huingia katika kifua cha mtoto sawasawa na moshi mwingine wo wote. Kopo nalo lina hatari yake. Mtoto wa miaka miwili hasomi maandishi. Hunusa, na kinachonukia kama peremende hukitia kinywani. Kiasi kidogo cha tumbaku kikimezwa huweza kumletea mtoto kutapika na kulegea, na likitokea hilo hapana kungoja: ni kumpeleka zahanati mara moja pamoja na kopo lenyewe. Mahali pa kopo ni kabati la juu lenye kufuli.

Askari wa doria ana sababu yake nyingine ya kuliacha nyumbani. Harufu ya tumbaku tamu husafiri mbali katika hewa ya usiku iliyotulia, na pua ya mtu mwingine haihitaji kuambiwa ni nini.

Kwa anayetaka kujaribu haya bila kujaza kiko, lipo jaribio dogo lisilogharimu kitu. Konzi ya tumbaku ya kunukia iwekwe katika bahasha ya karatasi, si ya nailoni, nayo iandikwe tarehe na kutundikwa mahali palipo juu, pakavu na penye hewa. Inuswe kila Jumapili. Katika wiki ya kwanza itakuwa cheri. Katika ya pili cheri itakuwa imefifia, na kitu kama kakao au molasi kitajitokeza. Kufikia wiki ya nne au ya tano, kama haikutiwa glaikoli nyingi, bahasha itanukia ama nyasi za malishoni wakati wa kiangazi, ama ghala la karanga.